Harusi ya Jumanne

Mama mkubwa wa bibi harusi ndiye aliyewahi kuandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati: "Fundi, mwanangu, tangu lini watu wanaolewa Jumanne?" Kadi ya mtandaoni iliyozinduliwa asubuhi hiyo ilikuwa ikihesabu siku kuelekea tarehe 1 Julai. Harusi ilikuwa Jumamosi, 31 Mei 2025. Kufika adhuhuri, mwekahazina alikuwa anauliza kama muda wa michango nao umesogezwa, na wadaiwa sugu wameshamshukuru fundi hadharani.

Kihesabu siku hakukitunga yeye. Alikiokota mtandaoni, mistari michache ya JavaScript, akakikopi, akakipesti, akabadilisha tarehe tu: mwaka 2025, mwezi 5, siku 31. Hapo kosa liko wapi?

Liko kwenye sifuri. Katika JavaScript mwaka ni mwaka, na siku za mwezi huanzia 1 kama kwenye kalenda ya ukutani. Miezi, hapana: Januari ni 0, Desemba ni 11, kwa hiyo 5 ni Juni. Na Juni haina tarehe 31. Lugha yenye haya ingegoma. JavaScript haigomi, siku iliyozidi huivusha hadi mwezi unaofuata, na 31 Juni ikawa 1 Julai bila onyo lolote. Ukiiomba tarehe 0 ya Machi, itakupa siku ya mwisho ya Februari, na mwaka mrefu haiusahau. Hilo hata fundi, kwa shingo upande, analiona ni ufundi mtupu.

Tabia hii ina ukoo. Lugha ya C iliipa miezi namba 0 hadi 11, ikawa rahisi kuchomoa jina la mwezi kwenye orodha inayoanzia sifuri. Java ikarithi. Mwaka 1995 Brendan Eich alipounda JavaScript kwa siku 10, akiwa ametakiwa aifananishe na Java, tarehe zilichukuliwa zilivyo. Kumbe hata lugha yenyewe ilikopiwa na kupestiwa! Java ilianza kuziacha njia nyingi za tarehe hizo mwaka 1997. JavaScript ikabaki nazo, pamoja na ile inayotoa mwaka baada ya kupunguza 1900. Ndiyo maana Januari 2000 baadhi ya tovuti zilitangaza kwamba dunia imeingia mwaka 19100.

Kosa halinyooshwi kwa sababu tovuti zisizohesabika zimeshalizoea, na likinyooshwa zitavunjika. Kwa hiyo la 1995 linalindwa, na kijana aliyelikanyaga 2025 anakatwa nusu ya malipo. Kamati ilimkata kweli. Habari za sifuri hakuna aliyetaka kuzisikia.

Alipoiandika tarehe upya kwa mtindo wa 2025-05-31, shangazi aliyeko Marekani akaona 30 Mei, maana tarehe ya namna hiyo husomwa kwa saa za Greenwich.

Na si fundi peke yake aliyeokota kosa la mtu mwingine: kipande cha Java cha kuonyesha ukubwa wa faili, alichokiandika Andreas Lundblad mwaka 2010, kilinakiliwa kwenye maelfu ya miradi kikiwa na kosa ndani; mwenyewe ndiye aliyekuja kulieleza.

Temporal, chombo kipya cha tarehe cha JavaScript ambacho Januari yake ni 1, kiliingia kwenye Firefox siku nne kabla ya harusi. Kamati ilikuwa imeshachapisha kadi za karatasi, na bili imepelekwa kwa fundi.