Mediani Imeondoka na Mgeni

Katika mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, takwimu ni alama za bure. Ndivyo wasemavyo walimu, na ndivyo wasemavyo pia waliofeli. Unapewa jedwali la alama za wanafunzi wasio na majina, utafute wastani, mediani na modi, kisha uchore histogramu. Binti yangu alikuwa akikariri maana za maneno hayo kwa Kiingereza, macho kayafumba, midomo inakwenda mbio. Ukimkatiza kumwuliza mediani ni kitu gani, anaanza upya tangu mstari wa kwanza.

Modi haikutusumbua. Hapa Ibighi, wilayani Rungwe, ukiorodhesha chakula cha jioni cha wiki nzima, ndizi, ndizi, ugali, ndizi, huhitaji kikokotoo kujua kinachojirudia zaidi. Hali ya hewa vilevile: hata mgeni akilala Tukuyu siku chache atakwambia modi ni mvua.

Wastani ndio ulioleta maneno. Nilimweleza binti kwamba sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, ikakuta kaya moja kwa wastani ina watu 4.3. Mama yangu, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, akataka kujua huyo mtu wa nukta tatu anaishije. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Si mjomba wako huyo? Chakula kikiiva yupo, vyombo vikioshwa hayupo." Mke wangu hakucheka. Mjomba ni kaka yake.

Nikaona tuache watu, tuhesabu maparachichi, maana Rungwe hayo hayakosekani. Tukaazima mizani kwa muuza duka, tukapanga saba mkekani kwa uzito: gramu 180, 195, 200, 210, 220, 230, na mwisho jitu moja la kienyeji la gramu 900. Mediani ikawa 210, lile la katikati. Wastani ukawa 305, na binti akashangaa: hakuna parachichi hata moja lenye uzito huo, na sita kati ya saba yako chini yake! Jitu limewapandisha wenzake cheo bila kuwaongezea hata gramu. (Ndiyo maana mimi nikisikia wastani wa mishahara, huuliza kwanza bosi kahesabiwa humo au la.)

Mara hodi. Jirani kaja kusalimia, na mama yangu hana desturi ya kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Akainama, akachukua la katikati. "Ndaga fijo!" akashukuru jirani, akatoka na mediani yetu kapuni.

"Bibi, hiyo ndiyo mediani!" binti akalia.

"Imeiva," akajibiwa.

Tukahesabu upya. Yamebaki sita, kwa hiyo tunajumlisha mawili ya kati, 200 na 220, tunagawa kwa mbili: 210. Mediani imeondoka na bado ipo. Wastani ndio kituko, maana tumepungukiwa tunda, wenyewe ukapanda hadi karibu 321. Mchana mama akaliponda lile jitu tukalila na ugali, na wastani ukaporomoka hadi 205 kabla hatujanawa mikono. Mediani ikashuka hadi 200 tu.

Tangu hapo binti hakukariri tena. Wenye watahiniwa wa Novemba, nawaomba mtumie mawe. Kwetu Mlima Rungwe ulitapika ya kutosha, na sijaona bibi anayemfungia mgeni jiwe.