Sifa za Kadi Moja Iliyo Katika Orodha Mbili

Wamesifiwa wafalme na majemadari, yamesifiwa majahazi na minazi, lakini sijapata kusoma sifa za ule mtengano adhimu ambao mfumo wa Windows umeuweka baina ya jina la kadi ya mtandao na anwani yake. Nao, kwa insafu, wastahili kusifiwa kabla ya mengi yaliyotangulia. Maana mtu aliyepewa kazi ya kuandika skripti ya kuorodhesha kompyuta za ofisi, na ambaye mkubwa wake ataka mstari mmoja tu kwa kila kadi, huona upesi kwamba jina analolijua mtumiaji, kama vile "Ethernet 2", limewekwa katika klasi iitwayo Win32_NetworkAdapter, ilhali anwani ya IP na seva za DNS zimekaa katika Win32_NetworkAdapterConfiguration, na kwamba kila klasi hujibu maulizo yake kwa adabu kamili pasipo kumtaja mwenziwe.

Wenye pupa huliita jambo hili usumbufu, wala hawajui ni malezi gani wanayoyakataa. Kijana anayedhani kuwa anwani ya MAC ni nasaba isiyo na shaka huziunganisha orodha mbili kwa hiyo, na kwenye kompyuta yake mwenyewe kazi hufana. Kisha huipeleka skripti kwenye seva ya Hyper-V, ambako kadi pepe ya mwenyeji imerithi MAC ya kadi halisi, na hapo anwani moja ya IP hudaiwa na kadi mbili. Fauka ya hayo, wamo katika orodha wale wanyenyekevu waitwao WAN Miniport, ambao baadhi yao hawana MAC yoyote. Na kwa kuwa PowerShell huhukumu kwamba utupu ni sawa na utupu, kila asiye nayo huunganishwa na kila asiye nayo, na ripoti iliyokuwa ya ukurasa mmoja hupata unene wa heshima. Akiichukua MAC kwa amri mpya ya Get-NetAdapter na kuilinganisha na ya klasi kongwe, ataona 00-15-5D-0A-01-02 upande mmoja na 00:15:5D:0A:01:02 upande wa pili, vistari huku na nukta pacha kule, na skripti itaapa kuwa hazijuani.

Hapo ndipo hujitokeza mja dhalili, Index, namba ndogo isiyo na fahari, iliyomo katika klasi zote mbili kwa thamani ile ile: 7 ya huku ndiyo 7 ya kule. Lakini hata wema huu haukuachwa uwe mwepesi mno, kwani tangu Windows Vista imeongezwa InterfaceIndex, nayo imo katika klasi zote mbili, na thamani yake si lazima ilingane na ya Index. Basi achukuaye Index upande mmoja na InterfaceIndex upande wa pili hupata muungano usio na kosa la sarufi hata moja wala ukweli wowote.

Wapo watakaosema kuwa ipo klasi ya tatu, Win32_NetworkAdapterSetting, ambayo haina kazi duniani ila kueleza kadi ipi ni ya mpangilio upi. Ni kweli. Imekaa kama kadhi barazani, kalamu mkononi, huku maharusi wakipita mbele yake kwenda kuozwa na mpita njia. Nami simlaumu ampitaye, maana sentensi ya ASSOCIATORS OF, pamoja na mabano yake na alama za kunukuu zilizo ndani ya alama nyingine za kunukuu, ni ibada nzito kwa mtu mwenye miadi jioni.

Ilipokuja Windows Server 2012 na amri ya Get-NetIPConfiguration, itoayo jina, IP, lango na DNS kwa pamoja, nilidhani fadhila zote hizi zimetoweka. Alhamdulillahi, jibu lake la kawaida halina MAC. Hutolewa kwa aongezaye neno -Detailed, na wengi, kwa kutolijua neno hilo, huiendea Get-NetAdapter, wakaitwaa InterfaceIndex ya huku na ya kule, na kuanza kulinganisha upya.