Wiki ya Gitaa Kavu

Jumatatu

Uzi wa nne umekatika asubuhi, kabla ya chai. Katika gitaa la kiklasiki uzi huo ndio hukatika upesi kuliko zote. Ni mwembamba kuliko wenzake wawili wa besi, ndani yake mna nyuzinyuzi za nailoni na nje umezungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Kila kidole kinapobonyeza, waya ule unasagwa kwenye kile chuma cha shingo ya gitaa, hadi siku moja unaachia.

Nilikuwa katikati ya "Horizons" ya Steve Hackett. Kipande hicho huchukua dakika moja na sekunde arobaini hivi. Hackett, mzaliwa wa Pimlico hapa London mwaka 1950, alijiunga na bendi ya Genesis mwaka 1971, na kipande kikatoka mwaka 1972 katika albamu ya Foxtrot. Ndicho kinachofungua upande wa pili wa santuri. Baada yake tu inaanza "Supper's Ready", yenye takriban dakika 23, milango mingi, mavazi na ngurumo. Wengi walioinunua santuri hiyo kwa ajili ya kile kirefu wamebaki miaka yote na hiki kifupi.

Nimefungua pakiti ya nyuzi za akiba. Ndani mna nyuzi mbili za tatu, na uzi wa nne haumo. Mkono umebaki bila kazi, nikaenda kazini.

Jumanne

Mvua. Basi limetupita kituoni likiwa na nafasi, tukabaki tumesimama, mimi na kina mama wawili na mtoto mwenye mwavuli uliopinduka. Spika ya sikio la kulia imekufa tangu jana usiku, kwa hiyo nimesikiliza kwa sikio la kushoto pekee.

Nimesikiliza mwanzo wa "Blood on the Rooftops", wimbo wa Genesis wa mwaka 1976, kutoka albamu ya Wind & Wuthering. Hackett anaanza peke yake kwa gitaa la nyuzi za nailoni, bila ngoma wala kinanda, kabla wenzake hawajaingia. Mwaka uliofuata aliondoka katika kundi. Mashabiki wake wanaujua mwanzo ule kwa moyo, na wengi wao wanasema walianzia hapo kutaka gitaa la nyumbani.

Gitaa lake la umeme lina sifa yake kubwa na anaistahili. Solo ya "Firth of Fifth" ya mwaka 1973 inainuka taratibu, noti zinavutwa hadi zinasikika kama zitabaki hewani. Alikuwa pia miongoni mwa wapiga gitaa wa mwanzo wa roki kugonga nyuzi kwa mikono miwili juu ya shingo ya gitaa. Lakini kuipata sauti ile kunahitaji kikuza sauti, vifaa vya mwangwi, na bendi nyuma yako. Gitaa kavu linahitaji kiti. Ndiyo sababu sifa ya kazi yake kavu ni ya namna nyingine: shabiki anaitoa kwa kukaa chini na kujaribu.

Duka la nyuzi nimelikuta limefungwa. Bango mlangoni limesema wanahesabu mali.

Jumatano

Nyuzi nimezipata kwa mwenzangu wa kazini. Nimefunga uzi wa nne saa moja jioni. Nailoni mpya hulegea, kwa hiyo kila baada ya dakika chache sauti ilishuka nikalazimika kukaza tena. Hadi saa mbili ilikuwa haijatulia.

Enzi za zamani magitaa ya namna hii yalifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Nailoni ilianza kutumika miaka ya 1940, na aliyeitia nguvu alikuwa Mhispania Andrés Segovia, akishirikiana na fundi Albert Augustine wa New York. Segovia ndiye aliyeliingiza gitaa katika kumbi kubwa za muziki wa kiklasiki, na alizileta kazi za Bach kwenye nyuzi sita. Hackett alimsikia, na hilo likamgeuza. Mwaka 2008 alitoa albamu iitwayo Tribute kwa heshima ya Segovia, ndani yake mkiwamo "Chaconne" ya Bach, kazi iliyoandikwa kwa fidla na ambayo humtoa jasho kila mpiga gitaa anayeigusa.

Saa tatu, nikisugua sufuria ya maharage, ukucha wa kidole cha kati mkono wa kulia umevunjika hadi kwenye nyama. Mpiga gitaa la kiklasiki hufuga kucha za mkono mmoja na kuzipiga msasa laini, kwa sababu ukucha ndio unaoipa noti makali na nyama ndiyo inayoipa joto. Ukivunjika, noti za kidole kile zinatoka butu. Dawa yake ni kungoja.

Kwa Hackett ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1974, Genesis ikijiandaa kuzunguka na albamu ya The Lamb Lies Down on Broadway, glasi ya mvinyo ilipasuka mkononi mwake na kumkata kidole gumba. Maonyesho ya Uingereza yakaahirishwa. Ziara ikaja kuanzia Marekani mwezi Novemba, na kidole kilipona. Kila ninaposikiliza alivyopiga baadaye, nashukuru kwa kupona kule.

Alhamisi

Shemeji amekuja kutoka Birmingham na zawadi. Ameipata katika soko la vitu vya mitumba: santuri ya Bay of Kings, jalada safi, pembe hazijakunjwa. Nimemkumbatia. Tumeiweka kwenye mashine, ikatoka bendi ya tarumbeta ya wachimba makaa. Santuri ya ndani ni nyingine kabisa.

"Pole, shemeji," amesema. "Niliangalia jalada tu."

"Jalada nalo ni zawadi, shemeji. Asante sana."

Nimelitundika ukutani. Bay of Kings ilitoka mwaka 1983, nayo ni albamu yake ya kwanza nzima ya gitaa la kiklasiki. Kampuni iliyokuwa ikimtolea kazi haikuitaka. Kwa macho ya biashara ilikuwa na hoja: mtu amejulikana kwa roki, halafu analeta sahani isiyo na mwimbaji, isiyo na ngoma. Hackett hakuiacha. Aliitoa kupitia kampuni ndogo iitwayo Lamborghini Records, na ikaingia katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Mle aliirudia "Horizons", na pia "Kim", kipande alichokuwa amekitoa mwaka 1978 katika Please Don't Touch.

Mwaka 1988 akatoa Momentum kwa mtindo huohuo. Mwaka 1997 akaja na A Midsummer Night's Dream, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare, akiwa na Royal Philharmonic Orchestra. Mwaka 2000 alikaa na mdogo wake John, mpiga filimbi, wakapiga kazi za Erik Satie katika Sketches of Satie. Njia hii ameirudia tena na tena kwa zaidi ya miaka arobaini, akijua kwamba pesa nyingi ziko upande wa umeme. Mashabiki wanaliona hilo, na ndilo linalofanya heshima yao iwe nzito. Wanajua kazi hizi zilizaliwa kwa sababu mwenyewe alizitaka.

Ijumaa

Mzee wa ghorofa ya chini amepanda kuleta barua yangu iliyotupwa kwake kimakosa. Ameona jalada ukutani. Kumbe ni mtu wa bendi ya Yes, na mpiga gitaa wao Steve Howe ndiye wake. Nimemkaribisha chai.

Hoja yake ni nzuri. Howe ana "Clap", iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1970, na kutolewa mwaka uliofuata katika The Yes Album. Aliitunga kusherehekea kuzaliwa kwa mwanawe, na ndani yake unamsikia Chet Atkins wa Marekani: gumba linatembea kwenye besi huku vidole vingine vikiruka juu. Kisha kuna "Mood for a Day" katika Fragile ya 1971, yenye harufu ya Uhispania. Mzee anasema Howe alitangulia, na kwa miaka ni kweli.

Nimemjibu kwamba Howe anakuonyesha vidole, na Hackett anakuonyesha chumba. "Clap" inakufanya useme huyu bwana anaweza. "Horizons" inakufanya unyamaze. Amefikiri kidogo, akasema kunyamaza pia kunahitaji vidole. Nimekubaliana naye.

Katikati ya mazungumzo wali umeungua. Harufu imefika kwenye ngazi. Tumekula ule wa juu kwa mchuzi wa samaki, na mzee ameomba aongezewe pilipili.

Jumamosi

Mkutano wa mashabiki katika ukumbi wa kanisa kusini mwa mto. Kila mtu ameleta gitaa au sikio. Ameanza mama mmoja muuguzi, aliyejifunza usiku baada ya zamu. Amepiga "Horizons". Alipofika kama robo tatu, king'ora cha moto kikalia. Mvuke wa birika kubwa la chai ulikuwa umepanda hadi kwenye kifaa cha dari.

Tumetoka wote nje, manyunyu yakitushukia, magitaa tumeyafunika kwa makoti. Msimamizi wa jengo alichelewa na funguo. Tuliporudi ndani yule mama hakuendelea pale alipokatizwa. Ameanza tena kutoka noti ya kwanza, na hakuna aliyelalamika.

Kipande chenyewe kinaruhusu. Kinaanza katika ufunguo wa G kwa mwendo unaofanana na utangulizi wa kazi ya kwanza ya Bach kwa selo peke yake, ya takriban mwaka 1720, halafu kinashika njia yake. Kuna mahali kidole cha kushoto kinagusa uzi bila kuubonyeza, na sauti inatoka nyembamba na safi kama kengele ya mbali. Hapo ndipo wanaojifunza hukwama. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti inakufa. Yule mama alizipata zote, mara ya pili.

Baadaye wamepiga wengine: kijana mwenye "Kim", baba na binti yake waliogawana kazi ya Satie kwa gitaa na filimbi. Hakuna aliyekuwa mwanamuziki wa kulipwa. Nimewatazama mikono. Kuna aliyekosea akacheka na kurudi nyuma kidogo, kuna aliyefumba macho. Nampenda Hackett kwa noti zake, na pia kwa sababu hii: ametunga kitu kigumu kiasi cha kumheshimisha anayekiweza, na kifupi kiasi cha kumpa moyo asiyekiweza bado.

Jumapili

Nimempigia simu ami Mombasa. Mtandao umekuwa ukikatika. Nimeweka simu karibu na spika nimsikilizishe "Horizons", akaisikia nusu, laini ikakatika. Nimepiga tena, akasikia mwisho bila katikati. Mara ya tatu imefika yote.

"Huyo anapiga kwa vidole vingapi, mwanangu?"

"Gumba na vitatu, ami."

"Mwenda alitumia gumba na kimoja."

Alimaanisha mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, leo Likasi. "Masanga" yake ya mwaka 1952 ilisambaa kwenye santuri na kusikilizwa kote Afrika Mashariki. Ami alikulia kwenye gitaa kavu. Hakuwahi kusikia jina la Genesis. Ameniomba nirudie, akanyamaza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi huyo ni mwenzetu." Hapo salio likaisha.

Sidhani kama Hackett amepata sifa kubwa kuliko hiyo, kutoka kwa mtu asiyejua bendi yake, albamu zake wala sura yake. Ami amesikia mkono tu.

Usiku nimesikiliza Under a Mediterranean Sky, aliyoitoa Januari 2021 akikaribia kutimiza miaka 71. Ameipiga pamoja na mipangilio ya okestra ya Roger King, mshirika wake wa muda mrefu, na imepita Malta, Andalusia na nchi za Mashariki kwa nyuzi na ala za wenyeji. Aliitengeneza wakati dunia imefungwa na kumbi ziko tupu. Mkono ni uleule wa 1972, umeongeza subira.

Hukumu yangu ni hii: kazi kavu za Steve Hackett haziko pembeni ya muziki wake wa roki. Ndizo zitakazodumu zaidi, kwa sababu hazihitaji bendi wala umeme ili ziishi, na kila mwaka mtu mpya anajifunza kuzipiga. Msomaji anayetaka kuanza, aanze na "Horizons". Aisikilize mara kadhaa mfululizo, muda hautamlemea. Kisha aende kwenye Bay of Kings, halafu Tribute, na amalizie na albamu ya 2021. Na akiwa na gitaa nyumbani, ajaribu walau mistari ya mwanzo. Asiogope kwamba hakusomea. Hackett mwenyewe alijifunza gitaa bila mafunzo rasmi ya muziki.