Ramani ya Bundi

Simba alitaka ramani ya Pluto ya kutundika barazani. Kazi akapewa Bundi, kwa kuwa halali usiku na hana urafiki na mtu.

Alirudi na karatasi yenye mabaka: jeupe, jeusi, na jingine rangi ya chai ya maziwa.

"Hii ni ramani au tambara la jikoni?" akauliza Fisi, asiyeinua macho ila mzoga ukiwa mtini.

Bundi akaeleza. Pluto ni nukta tu, lakini ina mwezi, Charon, na kati ya 1985 na 1990 viwili hivyo vilikuwa vikizibana. Charon ikikatiza mbele, inafunika kipande. Mwanga ukipungua sana, palipofunikwa ni peupe. Ukipungua kidogo, ni peusi. Yeye alikuwa akipima upungufu tu, usiku baada ya usiku.

"Na mgongoni?"

Bundi akajikuna. Pluto na Charon hutazamana daima, kama wakwe wanaodaiana mahari, hivyo mgongo haufunikwi kamwe. Huko alikisia kwa jinsi nukta inavyong'aa na kufifia Pluto ikijizungusha, siku 6.4 kwa mzunguko. "Pana weupe mkubwa. Mipaka yake siapi."

Sungura hakuwa na shida ya kuapa. Alileta milima, mito, hata kivuko chenye nauli. Ikatundikwa yake, Bundi akahamishiwa ghalani. Darubini ya Hubble ilipotazama 1994 ikaleta mabaka vilevile, Fisi akasema tambara la pili halifanyi la kwanza kuwa ramani.

Tarehe 14 Julai 2015 chombo cha New Horizons, baada ya safari ya miaka tisa na nusu, kilipita karibu. Mgongoni kikakuta uwanda mpana wa barafu ya naitrojeni, mweupe pe! Usiku huohuo Sungura alifuta kivuko, akachora uwanda, akaandika pembeni: 1988. Fisi akajitolea kuwa shahidi.

Bundi alipoitwa aliuliza swali moja: chombo kilipitia upande upi? Wa mgongo. Upande unaotazamana na Charon kilikuwa kimeuona kwa mbali tu, siku chache kabla.

Akarudi ghalani kutafuta karatasi yake. Panya walikuwa wamekula pembe ya kusini, na huko hata chombo kilikuta giza.