Tairi Moja, Mashemeji Wawili

Hapa Ifo, kambini Dadaab, kila mtu ni mtaalamu wa upepo wa tairi. Muuza miraa anajua, mzee anayengoja adhana anajua, na mtoto wa chuo akipita atalibonyeza tairi lako kwa kidole gumba na kutoa hukumu: "Adeer, hii imelala." Geji tu ndiyo sijaiona kwa yeyote kati yao.

Pikipiki yetu, mimi na shemeji, ni ya Kihindi kama nyingi zinazobeba watu Dadaab. Kitabu chake kinataka presha 25 mbele. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukipakia mtu. Kuhusu mtu, mitungi ya maziwa ya ngamia na mbuzi asiye na nauli, kitabu kimenyamaza.

Shemeji hushika zamu ya alasiri, njia ya Dagahaley. Akiona mchanga anainama, anabonyeza valvu, tssss, tairi linatanuka na kupita juu badala ya kuzama. Hapo sina neno. Neno ni kwamba ule upepo haurudishi. Tairi lililolegea hukanyaga kwa mabega, hujipindapinda likapata moto, na mpira wa pembeni ukaliwa. Tyubu nayo huteleza ndani mpaka valvu inaegemea upande kama mzee anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa.

Mimi nashika asubuhi. Nalijaza kwa pampu ya mguu mpaka likigongwa liitike, kwa imani kwamba mwiba wa mathenge ukiliona utaogopa. (Watu wa Baringo walipoishtaki serikali kwa ajili ya mti huo, mwaka 2006, walipeleka mahakamani mbuzi aliyefanywa kibogoyo na mathenge awe ushahidi. Mimi ningepeleka tyubu.) Lakini tairi gumu hubinuka tumbo, likakanyaga kwa katikati peke yake, na meno ya hapo yakaisha. Jua likipanda, upepo wa ndani hupata joto na presha ikaongezeka bila pampu. Ndiyo maana hupimwa tairi likiwa baridi. Kufikia saa sita abiria wangu huruka kila kijiwe, wakimtaja Mola zaidi kuliko wanavyomtaja msikitini.

Tulipolipeleka kwa fundi wa pancha, alilizungusha taratibu, akapapasa mabega, akapapasa katikati, kisha akawaita vijana wake waje waone.

"Wallahi, tangu nianze kuziba pancha sijaona tairi lililoliwa kwa haki namna hii."

Lilikuwa kipara kitupu, sawasawa, ukingo hadi ukingo.

Ikabaki bei ya jipya. Fundi akaamua: shemeji alipie mabega, mimi nilipie katikati. Shemeji alikubali upesi mno. Akaomba futi, akapima, akatangaza kwamba katikati ni pana kuliko mabega yote mawili yakijumlishwa. Bei ya tyubu bado hatujaigusa.