Nyaraka kwa Maalimu: Simbilisi Anayekonda

Waraka wa kwanza umetoka Iringa, kwa bibi aliyejiita Mwenye Majonzi:

"Maalimu mtukufu, baada ya salamu nyingi, simbilisi wetu, ambaye watoto wamemwita Sultani, anakonda. Asubuhi nampa maandazi, adhuhuri ugali wa dona, jioni mkate uliochovywa katika chai ya maziwa. Hukijongelea chakula kwa shauku, kisha hukitema. Jirani yangu aliwahi kuusifu unono wake bila ya kusema mashaallah. Je, si husuda hii? Ninavyo vidonge vya amoksilini vilivyobaki nilipougua kifua, nimsagie?"

Bibi mheshimiwa, jirani yako tumwache na salama yake, kwani katika maelezo yako mwenyewe mna mashahidi wa kutosha. Mwaka 1907, katika mji wa Christiania, ambao leo waitwa Oslo, mabwana wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliokuwa wakiyatafiti maradhi ya beriberi, waliwalisha simbilisi nafaka na mikate mitupu, na badala ya beriberi wakayaona maradhi yaliyowaangamiza mabaharia kwa karne nyingi, yaani kiseyeye. Kwa kuwa simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake, illa aipate katika chakula. Basi wewe, kwa maandazi yako, umelirudia jaribio lile jikoni pasipo mshahara wala shahada.

Ama huko kukijongelea chakula na kukitema, hapo nayashuku meno. Meno yote ya simbilisi, magego pia, hukua maisha yake yote, wala hakuna kiyapunguzacho sawasawa illa kutafuna nyasi kutwa kucha. Mlaji wa mkate laini magego yake ya chini hurefuka, yakainama ndani, yakaufunika ulimi kama daraja. Mtazame kidevuni: kikiwa kimelowa mate, jua kwamba njaa anayo, uwezo ndio hana. Wala usijaribu kuyachungulia kwa kumfumbua kinywa, maana utayaona ya mbele tu; kazi hiyo mwachie tabibu wa mifugo, ambaye hupaswi kumngojea mpaka siku ya soko, kwa sababu simbilisi akipitisha siku nzima bila ya kula utumbo wake husimama, na kuuamsha tena ni taabu kubwa.

Vidonge vyako vifungie kabatini. Amoksilini na jamaa zake wa penisilini huviua vijidudu vyema vya tumboni mwake, vibaya vikatamalaki, na mgonjwa akafa kwa dawa kabla ya kufa kwa ugonjwa. Mpe ukoka mbichi na nyasi kavu bila ya kipimo, kipande cha pilipili hoho kila siku, na pera kidogo mara mojamoja, kwa ajili ya sukari yake.

Fauka ya hayo, usiyaamini macho. Mnyama huyu, ambaye asili yake ni milima ya Andes, huyaficha maradhi yake, kwani miongoni mwa wawindwao aonekanaye dhaifu ndiye huliwa kwanza. Na manyoya yake humsaidia katika udanganyifu huo. Mpime kila juma, akiwa ndani ya bakuli. Mtu mzima wao aghalabu huwa na gramu 700 hadi 1,200, na akipungua gramu 50 kwa juma, anza kushughulika. Kama huna mizani, mwenye duka hatakunyima yake, ijapokuwa atakuuliza bei ya kilo.

Waraka wa pili ni wa kijana wa Njombe: "Simbilisi wangu yu peke yake, amenyong'onyea. Nimemwekea kioo. Yatosha?"

Haitoshi, mwanangu. Kioo hakiitiki. Huko Uswisi, tangu mwaka 2008, kanuni za serikali zimekataza kumfuga simbilisi mmoja peke yake. Mtafutie mwenzake, nawe uangalie wanapokula, kwani mbabe aweza kulizuia sinia zima, mnyonge akakonda mbele ya neema. Na uchunguze vema kabla ya kununua, maana wakiwa dume na jike, baada ya siku 60 hadi 70 hivi watazaliwa watoto wenye manyoya, meno na macho wazi, nawe utaniandikia tena, wala shida yako haitakuwa upweke.