Sifa za Mr. Bean, kutoka Kadutu

Miaka mingi nimemdharau Mr. Bean bila kumtendea haki. Nilimjua utotoni katika kibanda cha mbao cha vidio hapa mtaani kwetu, Kadutu. Wenzangu, tuliobanana nao kwenye mabenchi, walikuwa wakigaagaa kwa kicheko, mimi nikihesabu matundu ya bati. Juzi mpwa wangu alijaza simu yake vipindi vile vyote, 15 tu, vya tangu 1990 hadi 1995, nikakaa kuvitazama upya. Sikucheka. Ila nimetubu, na leo nasimama kumsifu.

Nianze na kufuli. Bwana huyu hakuuamini ufunguo wa gari lake dogo, akapigilia komeo na kufuli nje ya mlango, Waingereza wakavunjika mbavu. Kadutu kufuli liko kwenye sanduku la mama muuza samaki wa sambaza, liko kwenye bomba la maji, liko chooni. Wajuaji wanatia mawili. Nani acheke?

Halafu siku ile aliyonunua vitu mpaka gari likajaa, akafunga kiti cha sofa juu ya paa, akakikalia na kuendesha kwa kamba na fagio. Nikamwita jirani yangu, dereva wa teksi, aje aone. Alitazama kimya, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake, akaomba nirudishe nyuma.

"Mule ndani," akasema, "bado wanaingia watu wawili."

Kumbe makosa yalikuwa yangu. Nilikuwa nangoja kichekesho, na Mr. Bean alikuwa ananionyesha mtaa wetu, umechezwa na Mzungu mwenye tai.

Aliyewahi kushtuka nyumbani kwetu ni Mama peke yake. Kile kipindi cha Noeli cha 1992, Mr. Bean kichwa kimenasa ndani ya bata mzinga, anapapasa chumba kizima. Mama akasimama, mwiko wa fufu mkononi. "Nyama yote ile? Kumbe huyu hana bandugu?"

Tena ni mtu wa amani. Haongei sana, anagugumia tu, basi Mushi, Murega na Mufuliru wanamwelewa sawasawa na hakuna anayelalamika kwamba lugha yake imeachwa. Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, hakuna anayeuliza kiliishaje. Jaribu kuikata hivyo sinema ya Kihindi, uone kama watu watalala.

Nimesoma pia kwamba Rowan Atkinson, anayemwigiza Mr. Bean, kabla ya kuanza kugugumia, alisomea uhandisi wa umeme Newcastle, kisha Oxford. Bwana Atkinson, sifa zako ndizo hizo, sikubakiza. Sasa kuna waya umelala nyuma ya nyumba yetu tangu mvua ya Jumanne. Njoo, ngazi tunayo.